Rada Inapiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Kanada, wakati wa vita, ndani ya kibanda cha rada cha jeshi la anga kilichojengwa juu ya jabali la pwani. Nilikuwa nimevaa sare, na hakuna aliyeniuliza nimefikaje.

Mbele ya kioo cha rada ameketi Koplo Edna Macaskill. Kwenye kioo kuna nukta moja inayotokea baharini.

"Ndege," anasema. "Haijibu."

"Nimepiga hodi mpaka sauti imekauka," rada inasema. "Mwenzetu huitika karibu. Asiyeitika ni adui. Ndiyo sheria."

Luteni Gauthier, mkuu wa kituo, anainua simu ya wapiga mizinga.

"Afande, kaka yangu Wilfred yuko angani leo," Edna anasema bila kugeuka. "Huenda ni yeye."

"Huenda ni yeyote. Mtu aende akaulize."

Wananitazama mimi. Nami nilitamani sana kujua, kwa hiyo nikapanda juu ya wimbi la rada na kutembea. Lilikuwa imara kama daraja, ila lilinitekenya nyayo.

Ndani ya ndege, Wilfred ameshika usukani. Ananionyesha kisanduku cheusi nyuma yake, kile kinachopaswa kuijibu rada.

"Kimenuna," anasema.

"Mbona huitiki?" nakiuliza.

"Mtu mzima mimi, napigiwa hodi kutwa nzima, salamu sipewi. Leo sitaki."

Napiga magoti. "Shikamoo."

Kule chini mizinga inainua shingo.

"Marahaba," kinasema hatimaye. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Na nyumbani?"

"Wazima."

"Watoto je?"

Mizinga inatulenga.

"Wote wazima," nasema.

"Basi, karibuni."

Nasikia simu ikirudishwa mahali pake. Ndege inakuwa baraza ya kituo, theluji inaanguka, na Wilfred anasimama mlangoni. Edna anamsogelea.

"Chakula kimepoa," anamwambia. Anamshika mkono, wala hamwachii.

Nikatoka nje kuwapisha, nikaamka nyumbani Tabora, katika joto la Oktoba. Mke wangu Nyamizi alikuwa ameketi kitandani akinitazama. Alinipangusa nyusi kwa kidole, kisha akakichunguza kidole chenyewe.

"Baba Kulwa," akasema, "hii barafu umeitoa wapi?"