Salamu kwa Nyota Nyekundu

Mwezi wa nane mwaka 1956, mguu wa Kembabazi ulikuwa umevunjika tangu kabla ya kiangazi. Ng'ombe walisukumana kwenye kivuko cha kijito, naye akabanwa katikati. Mwunga mifupa wetu aliufunga kadiri alivyojua, lakini mfupa ukashika vibaya, na karibu na goti likatokea jeraha lisilopona. Mganga wa zahanati alipopita kijijini kwetu, Kimuli, alimwambia baba yake, Mzee Muhangi, bila kuzungukazunguka: binti afike hospitali ya misheni kabla mvua hazijajaza mabonde. Akichelewa, mguu utakatwa, na huenda hata hilo lisitoshe.

Barabara ya gari haikutufikia siku zile. Mgonjwa alikwenda kwa machela mabegani mwa majirani, wakipokezana njia nzima. Na machela ndiyo aliyoikataa Kembabazi. Mama yake alibebwa kwa machela hiyo hiyo. Aliondoka akiwaaga watu kwa majina yao, akarudishwa amefunikwa uso.

"Sipandi," alisema. "Kama ni kufa, nitafia hapa ninapowaona ng'ombe."

Mzee Muhangi aliweza kumsimamisha fahali kwa sauti tu, lakini kwa binti huyu hakuwa na sauti. Kila asubuhi alimbeba kwa mikono yake hadi mlangoni, akamweka juu ya ngozi, akamgeuza autazame mlima wa malisho uliokuwa ng'ambo ya bonde. Kisha akaondoka haraka ili asionekane macho.

Mimi nilikuwa jirani yao, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa, na mmoja wa wabeba machela wa mtaa wetu. Mchana nililima. Jioni nilisoma darasa la watu wazima katika jengo la kanisa, chini ya taa ya chemli. Nilianza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, na kwa hiyo sikudharau karatasi yoyote, hata ile iliyofungiwa sukari. Mwalimu akinipa gazeti kuukuu nililipeleka kwa Kembabazi, kwa sababu aliposikiliza habari alisahau maumivu.

Siku moja nilimsomea kwamba mwezi wa tisa nyota nyekundu, Mirihi, itaisogelea dunia yetu kuliko kawaida yake. Mabingwa wa Ulaya, gazeti lilisema, wataitazama kwa darubini na kuitegea sikio kwa redio, labda kuna viumbe wenye akili watakaoleta ishara.

"Soma tena hapo," alisema.

Nilisoma tena.

"Na hao mabingwa wenyewe wamepeleka ishara gani?"

"Haikuandikwa. Wanasikiliza tu."

"Basi watu wa huko nao wanasikiliza tu. Kila mmoja kakaa kimya anamngoja mwenzake." Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu avunjike. "Kaka Projest, tatizo ni hilo. Hawajui nani mdogo."

"Mdogo wa nini?"

"Wa umri! Mdogo ndiye anayeamkia. Sisi hatujui kama wao ni wakubwa wetu, na wao hawajui kama sisi ni wakubwa wao. Hakuna anayesema shikamoo."

Jambo hilo lilizungumzwa mtaa mzima. Mkungu wetu, yaani mkuu wa mtaa, Mzee Kahigi, alikuja na fimbo yake, akakataa katakata kuamkia watu asiowajua.

"Mimi ni mkungu," alisema. "Waanze wao."

"Mzee, wakianza wao, itakubidi uitikie," Kembabazi alimwambia. "Utaitikia vipi kutoka hapa mpaka kule? Una sauti hiyo?"

"Wewe mtoto, mguu umevunjika, mdomo umebaki mzima."

"Huo ndio ninaochungia sasa."

Shangazi yake, Kokubanza, dada wa Muhangi aliyemuuguza, alicheka mpaka akalazimika kuweka chini kibuyu cha maziwa.

Mzee Muhangi ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa amesimama pembeni muda wote akimtazama binti yake. Alisema, "Tuwe wadogo sisi. Anayeamkia hapungukiwi kitu. Kembabazi, unataka waone nini?"

Kembabazi alikuwa ameshafikiri. Kila mwaka mwisho wa kiangazi wafugaji huchoma nyasi kavu ili mvua ya kwanza ioteshe majani mabichi. Mwaka huo, alisema, mlima usichomwe ovyo. Wachome mistari mitatu, iliyonyooka, kutoka chini hadi kileleni. Moto wa radi haunyooki. Moto wa mzembe haunyooki. Mtu yeyote mwenye akili, hata awe wapi, akiona mistari mitatu iliyonyooka atajua imechorwa na mwenye akili mwenzake.

Sijui kama Mzee Muhangi aliamini kwamba kuna watu kwenye nyota ile. Sikumuuliza. Najua tu kwamba kuanzia siku ile binti yake alikula.

Wachungaji walifyeka nyasi pande zote mbili za kila mstari ili moto usitoke nje. Aliyekuwa mlimani hakuweza kuona kama anakwenda sawa, kwani nyasi zilimfika kifuani. Aliyeona ni Kembabazi, pale mlangoni. Yeye na baba yake walikuwa na ishara zao tangu siku walipochunga pamoja, mmoja juu na mwingine chini, na alizipiga kwa shuka nyeupe ya kitandani. Akiinyoosha kushoto, baba alikwenda kushoto. Akiizungusha, alirudi. Niliwatazama wakizungumza hivyo bondeni kote bila neno hata moja, nikaona kuna elimu ambayo darasa letu la jioni halikuwa nayo.

Siku ya kuchoma, sisi wakulima tulitaka kwenda kusaidia. Mzee Muhangi alikataa.

"Ninyi watu wa migomba mnaujua moto wa jikoni," alisema. "Kaeni na binti yangu."

Tukabaki na Kembabazi, mimi na wabeba machela wenzangu. Mstari wa kwanza uliwaka vizuri, ukapanda mlima kama kamba iliyovutwa. Wa pili nao. Kembabazi alipiga makofi. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na upepo umetulia, kama walivyopanga.

Walipowasha wa tatu, upepo uligeuka.

Moshi ulishuka ukajaa bonde, ukatufunika macho pale mlangoni. Kabla haujatuziba kabisa, tuliona moto umeruka eneo lililofyekwa. Ulikuwa ukipanda upande wa nje wa mstari wa tatu. Juu yake, karibu na kilele, alikuwa Mzee Muhangi peke yake, na tawi bichi mkononi, akipiga cheche ndogo mbele yake. Ule wa nyuma hakuuona.

Kembabazi alipunga shuka. Baba yake hakugeuka, na hata angegeuka angeuona moshi tu.

"Nakimbia kumwita," nilisema.

"Ukishuka bondeni huoni tena moto ulipo. Utamwambia akimbilie wapi?" Alinyoosha kidole kwenye mwamba uliokuwa juu ya nyumba, juu ya moshi. "Pale ataniona."

"Nipe shuka, nipande mimi."

"Utapunga nini? Unaijua ishara ya kumwambia aingie kwenye majivu?"

Sikuijua. Hakuna aliyeijua isipokuwa wao wawili.

Alinitazama, kisha akamtazama shangazi yake.

"Leteni machela," alisema. "Shangazi, iko nyuma ya nyumba. Niliwasikia juzi mlipoificha."

Shangazi Kokubanza alikimbia kuileta. Tulimweka Kembabazi juu ya fito zile. Alifumba macho na kunishika mkono wa shati mpaka mshono ukafumuka. Mguu ulipogongwa alipiga kelele, lakini hakusema tusimame. Tulipanda na mzigo wetu tukiteleza kwenye mawe, shangazi nyuma akiomba kwa sauti.

Tulipotokeza juu ya moshi, alisema, "Niinueni. Juu zaidi."

Tuliinua machela hadi juu ya vichwa vyetu. Mimi sikuona mlima tena. Niliona miguu yangu tu, na jasho likidondoka juu ya mwamba. Nilisikia shuka ikipiga hewani, na Kembabazi akisema pole pole, kana kwamba baba yake yuko karibu naye, "Geuka, baba. Geuka, nakuomba. Niangalie."

Machela ilianza kushuka.

"Ameniona," alisema. "Msishushe! Kushoto, baba. Kushoto. Siyo hapo. Pita mstari, ingia majivuni. Ingia!"

Kisha akanyamaza, na shuka ikanyamaza.

"Kembabazi?" niliuliza kutoka chini.

"Amekaa kwenye majivu ya mstari wa pili," alisema. "Amekaa kama mtu anayengoja chai."

Tulimteremsha mpaka mabegani, sote tukicheka na kulia, wala hakuna aliyemwonea mwenzake aibu.

Mzee Muhangi alitufikia jua likizama. Ndevu upande mmoja zilikuwa zimeungua, na uso wote mweusi. Alipita katikati yetu bila kuitikia shikamoo zetu, akaenda moja kwa moja kwa binti yake, akashika fito za machela.

"Umepanda," alisema.

"Nimepanda."

"Unaumia?"

"Sana." Alimpangusa masizi kwa pembe ya shuka. "Baba, mstari wa tatu umeharibika."

"Nimeona."

"Watasema, hawa wawili wanajua kuandika, huyu wa tatu bado yuko darasani na Projest."

Mzee Muhangi alijaribu kucheka, akashindwa. Aliweka paji la uso wake kwenye mkono wa binti yake, akabaki hivyo. Sisi tukatazama pembeni. Hatimaye alisema, "Tukuteremshe nyumbani, upumzike."

"Hapana," alisema Kembabazi. "Mkiniteremsha sitapanda tena. Najijua. Twendeni hospitali sasa hivi."

"Usiku unaingia."

"Mna mienge. Nendeni."

Tulitazamana. Mzee Kahigi, ambaye alikuwa amefika akihema na fimbo yake, alisema kama mkungu, "Mmesikia mgonjwa. Shangazi, lete maziwa na blanketi. Wewe na wewe, kawaiteni wa kupokezana." Kisha akatazama mlima uliokuwa bado ukifuka moshi, akavua kofia yake kidogo, haraka, akaivaa tena akidhani hakuna aliyemwona.

Tuliondoka kwa njia ya juu, mienge mbele. Mzee Muhangi alitembea ubavuni mwa machela, mkono wake juu ya blanketi, na kila tulipopokezana alimuuliza kama anasikia baridi. Nyota nyekundu ilikuwa imechomoza upande wa mashariki, kubwa, bila kumetameta. Lakini sisi tulioibeba machela tulitazama mawe ya njia tu, kwa hofu ya kujikwaa. Kembabazi peke yake ndiye aliyelala chali, uso wake juu.

"Kuna chochote?" baba yake alimuuliza.

Aliitazama nyota.

"Bado," alisema. "Tembeeni pole pole. Mkitikisa sioni."

Tukapunguza mwendo.