Eda Haimo

Uwera alipomwachia kiwiko, Mukashema alikipapasa kiti kwanza, ndipo akakaa. Miaka thelathini alikuwa fundi cherehani. Sasa katikati ya macho yake yote mawili pamekaa giza. Akimtazama mtu humwona masikio na mabega, uso haupo.

Hirwa, karani wa ofisi hiyo ya msaada wa sheria pale Muhima, alimsogezea kiti karibu na meza, akafungua dosiye, jalada la kesi yake. Karatasi ya daktari ilisema wazi: vidonge vya maumivu ya viungo alivyomeza miaka minne ndivyo vilivyomharibu macho. Kampuni iliyoviuza haikuandika popote kwamba anayevimeza apimwe macho. Mukashema hakutaka makuu. Alitaka kampuni isimamishwe mbele ya hakimu, ijibu.

Hirwa akahesabu tarehe kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Mama mukecuru, muda wa kushtaki umepita. Siku kumi na moja."

"Nilikuwa ndani ya eda."

Mumewe, Shafiq, alikuwa amefariki. Mukashema alikaa ndani miezi minne na siku kumi, kama dini inavyomtaka mjane. Kesho yake alioga, akavaa, akamwomba Uwera, jirani yake wa Gatsata, amshike mkono mpaka hapa.

"Eda haimo kwenye sheria, mama."

"Nilijua kesi iko na haraka. Mugenzi ndiye alisema nisubiri."

Hirwa akauliza Mugenzi ni nani. Mukashema akaeleza kuwa ni mtu wa kampuni. Alikuja msibani na mchele na sukari, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na wanaume. Akaomba ruhusa ya kumpa pole mjane, akazungumza naye kutoka upande wa pili wa pazia, sauti chini, kwa adabu. Akamwambia amalize eda yake kwa amani, kesi haikimbii. Mukashema alimwombea dua, maana ndugu wa marehemu hawakuleta hata kibaba cha unga.

"Aliandika maneno hayo mahali?"

"Mtu amekuja kuhani, aandike nini?"

Uwera akacheka, cheko kavu. "Alivua viatu, karani. Umeona adabu hiyo? Na siku alikuwa anazihesabu."

Hirwa alimimina maji kwenye glasi, akamwekea Mukashema mkononi, akangoja mpaka vidole vikaishika vizuri. Kisha akasema anaweza kuandika barua ya kuomba muda uongezwe, ila barua za namna hiyo hajaona hata moja ikijibiwa, na dosiye lazima ifungwe leo. Akasogeza karatasi na kidau cha wino.

"Lete kidole gumba, mama."

Hirwa alikishika mwenyewe, akakilaza mahali pake, akakandamiza.

"Nimekubali nini hapo?"

"Kwamba umeelezwa, na umeelewa."

"Sijaelewa."

"Najua, mama."

Akatoa leso mfukoni mwake, akamfuta wino taratibu mpaka kwenye ukucha, kisha akaita anayefuata.