Mke Mwenza wa Soko la Toi

Nzilani alitia chumvi kwenye chai ya mama yake, na hivyo ndivyo mama huyo, Kalondu, alivyocheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Hakukusudia. Mkono ulikuwa umezoea. Kule Mongolia, alikokaa miaka miwili akifundisha Kiingereza kwa kujitolea, chai ya maziwa hutiwa chumvi, na mgeni akikunja uso anaonekana hana adabu. Basi mwezi huu wa pili, 2008, katika chumba chao cha ghorofani hapa Gatina, Kawangware, alichota chumvi bila kufikiri, akakoroga, akampelekea mama. Kalondu alipiga funda moja, akatoa macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weh, Nzilani! Hao watu walikuwa wanakulisha nini?"

"Pole, Mwaitu, mama yangu. Nimesahau niko wapi."

Alisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli. Alikuwa amerudi nyumbani, na yeye na nyumbani hawajazoeana. Hata sauti yake ilikuwa imepungua. Katika ule mji wa baridi watu huzungumza taratibu, hata sokoni: mnunuzi anatazama, anaonyesha kwa kidole, biashara imekwisha. Hapa Gatina ilimbidi aombe mkate mara tatu kabla mwenye duka hajainua kichwa, na vijana wa nje walimcheka, "Ongea kama mtu amekula, madam!" Mwenyewe alikuwa ameshakata shauri. Mwezi wa nne angeondoka tena na wenzake aliojitolea nao, wazunguke nchi za huko mpaka akiba yao iishe. Ila alikuwa hajamwambia mama. Utamuagaje mtu anayeshinda akitazama ukuta?

Maana Kalondu alikuwa hatoki. Kalondu yule yule wa Machakos, aliyeuza blauzi za mitumba Soko la Toi tangu Nzilani akiwa darasa la pili! Baada ya uchaguzi soko lilichomwa likaisha lote, na watu wa Kibera, ubavuni mwa soko, waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana makabila. Wakamba, kwa kuwa kiongozi wao aliingia serikalini, wakaambiwa wamewasaliti wenzao. Kalondu, Mkamba ambaye hata kadi yake ya kura hakujua aliiweka wapi, akatiwa kapu moja na wanasiasa. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomvunja moyo ni Obiero.

Obiero ni Mjaluo, muuza viatu, jitu la mabega mapana ambalo kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa kibanda cha Kalondu. Miaka yote hiyo walikula mchana kwenye sufuria moja. Leo muthokoi wa Kalondu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kesho omena za Obiero, vile visamaki vya ziwani, na kila mmoja akilalamikia chakula cha mwenzake huku akikimaliza. Sasa, moto ulipopoa tu, Muia, jirani yao wa chini, alipita Toi akarudi na habari.

"Mama Nzilani, ile place yako imeenda. Nimemwona Obiero na macho yangu. Ameketi hapo hapo, ametandika gunia, anauza."

Kalondu alifunga mlango, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa ndani.

Asubuhi hiyo ya chai ya chumvi, Muia alichungulia tena na habari nyingine. Kamati ya soko ingepima nafasi kesho ili wauzaji wajenge upya. Sheria ilikuwa ile ile ya siku zote pale Toi, ambapo hakuna mwenye hati ya kitu: kila muuzaji asimame pake aite wateja kwa mwito wake. Mwito wa mtu unajulikana soko zima, na kamati hupima kwa kusikiliza. Nafasi iliyo kimya hupewa mwingine.

"Mwache achukue," Kalondu alisema. "Angeniomba, ningempa."

Nzilani alimtazama mama yake aliyekuwa na kikombe kile cha chumvi mkononi, na hasira ikampanda, hasira safi ya Kawangware ambayo baridi ya Mongolia haikuweza kuigandisha. Akavaa viatu akatoka bila kuaga.

Alikwenda kwa miguu mpaka Dagoretti Corner, kisha akaifuata Ngong Road, akipanga matusi njiani. Yalikuwa machache. Miaka miwili hakuwa na haja nayo, na mengi yalikuwa yamemtoka. Alipofika Toi alikuwa amekusanya matatu tu ya maana.

Soko lilinuka moshi wa zamani na mbao mpya. Nguzo zilikuwa zimeanza kusimama juu ya ardhi nyeusi, na watu walipigilia misumari kila upande. Pale mwanzoni aliketi Zeinabu, Mnubi wa Makina na mmoja wa wanakamati, akiuza chai na gurusa, ile mikate myembamba ya kwao.

"Nzilani! Si ulikuwa kwa barafu?"

"Nilirudi, mama. Natafuta Obiero. Nina maneno yake."

Zeinabu alimtazama usoni, akafunika birika lake. "Mpelekee. Lakini tembea pole pole, usikie kwanza."

Nzilani hakuelewa. Alipita wauza viazi, akapinda penye wauza makoti, na hapo ndipo alipousikia.

"Njooni, wake wenzangu! Njooni! Mume wetu amelipwa jana! Msimwache apotelee njiani!"

Ulikuwa mwito wa mama yake. Hakuna mwanamke mwingine pale Toi aliyewaita wateja kuwa wake wenza. Nzilani alipokuwa shule ya upili aliuonea haya mpaka akawa anapitia njia nyingine. Lakini sauti hii ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na ilitoka kifuani mwa mwanamume mwenye masharubu, aliyekuwa ameketi juu ya gunia mahali pa Kalondu, akipunga blauzi ya maua hewani. Wasichana wawili waliopita walicheka wakashikana. Obiero hakujali. Alivuta pumzi akaanza tena kuwaita wake wenza.

Yale matusi matatu yalimpotea Nzilani palepale.

"Anko," aliita. Obiero hakusikia. "Anko Obiero!"

Jitu likageuka. Likasimama. "Nyathina, mtoto wangu! Mamako yuko wapi? Ni mgonjwa?"

"Alisikia umechukua nafasi yake."

"Nimechukua?" Obiero aliangalia gunia, akaangalia blauzi mkononi. "Mimi? Hapa pakinyamaza siku moja tu, kesho unakuta mtu. Simu yangu ilienda na moto, namba yake sina, na huko Kawangware hizo siku nani angenipitisha mimi Mjaluo? Nikasema, basi, wacha mimi nimuitie." Akashusha sauti. "Hizi nguo ni za mke wangu. Yeye yuko pale kwa viatu. Amebaki na gauni moja, na juzi kidogo niuze hata hiyo."

Nzilani alilia hapo hapo katikati ya soko, kwa furaha na kwa aibu, huku akicheka. Wapita njia walidhani wanabishana bei.

Jioni hakumsimulia mama yake kitu. Alimwambia tu, "Kesho utavaa viatu, Mwaitu. Kuna kitu nataka usikie." Kalondu alibisha, akanuna, akasema miguu inamuuma. Kulipokucha alikuwa amevaa kabla ya Nzilani kuamka.

Penye wauza makoti Kalondu alisimama ghafla. Mwito ulikuwa unavuma mbele yao, mzito na wenye makosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Mwito ukarudiwa, naye akausikiliza tena.

"Jana?" alisema hatimaye. "Anasema amelipwa jana? Mume akilipwa jana si leo amemaliza kunywa zote!"

Akaenda mbio, akimpigia Obiero kelele za leo na jana, na Obiero akatupa blauzi chini akacheka kwa ngurumo. Hawakukumbatiana, hao si watu wa hivyo. Kalondu alimpiga ngumi moja begani, naye Obiero akampisha kwenye gunia.

Zeinabu alifika na wanakamati wenzake na kamba ya kupimia. "Hapa ni pa nani?" aliuliza, kwa sauti ya kazi, ingawa alijua.

Obiero alinyamaza. Ilikuwa zamu ya mwenyewe. Kalondu alifungua mdomo, na badala ya mwito kikatoka kilio. Akajaribu tena, kikatoka kile kile. Mwenye kamba alikohoa. Nyuma yake walikuwapo wawili watatu waliosubiri nafasi za kimya.

Nzilani alimtazama mama yake, kisha akatazama lile soko lililomtia haya ujana wake wote. Sauti ya kwanza ilitoka ndogo, ya Mongolia, mtu akacheka. Akapanua miguu, akaweka mikono kiunoni kama Kalondu.

"Njooni, wake wenzangu! Mume wetu amelipwa LEO! Msimwache apotelee njiani!"

Ilifika mpaka barabarani. Mwanamke mmoja wa upande wa wauza sufuria alipaza sauti, "Mama Nzilani amerudi!" na wengine wakapokea. Zeinabu alivuta kamba, akapima, akapigilia kigingi.

Mchana walikula muthokoi kwenye sufuria moja, na Kalondu akasema mke wa Obiero apewe kwanza, kwa kuwa ndiye aliyevuliwa nguo. Hapo Nzilani aliona hakuna wakati mwingine. Aliwaambia habari ya mwezi wa nne, nchi za huko na akiba yake. Alisema anataka kwenda, na kwamba jana hiyo tu ndipo alipojua pia kwamba atataka kurudi.

Kalondu alimsogezea sufuria.

"Enda," Obiero alimtangulia. "Nafasi yako ya hapa tutakuitia."

"Enda, mwanangu," alisema Kalondu. "Lakini nitaita mimi. Huyu ataita jana badala ya leo, urudi ukute tumekwisha kula."