Shemeji na Mguu Wake wa Nyuma

Mume wa dada yangu ni wakala wa bima, na tangu anunue fimbo za gofu hakuna mgeni aliyekula kwa amani mezani kwake. Wewe umeshika kijiko, yeye kasimama katikati ya sebule, miguu kaitanua, makalio kayatoa nje, anakusomesha.

"Siri si mikono, shemeji. Siri ni kiwiliwili! Unazungusha mabega, unazungusha nyonga, uzito unatoka mguu wa kulia unahamia wa kushoto."

Kisha anajizungusha, na chombo cha maua kinakwenda chini. Vipande anaokota dada.

Na dada wakati huo alikuwa anatembea kwa mkongojo. Aliteleza kwenye ngazi za shule anakofundisha, akavunjika nyonga ya kushoto, wakamwekea ya chuma. Ndiyo maana nilihamia kwao kumuuguza. Akijikokota kwenda msalani, bwana yule hakuinuka kitini. Alichoinua ni sauti. "Mama Chuma, angalia usipate kutu!" Anacheka peke yake mpaka anapaliwa. Mimi nilimtazama kama unavyomtazama nzi ndani ya chai.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amekwisha sema kwamba nyonga imepona na dada anaruhusiwa kujizungusha, mradi asiwe na papara. Kilichobaki ni woga. "Mguu ni mzima, mama, ila wewe huuamini. Uegemee." Dada alijaribu. Akifika nusu, uzito unarudi kulia mbio, utadhani kakanyaga kaa la moto.

Jumamosi moja shemeji alituchukua hadi uwanja wa mazoezi ya gofu. Eti tukapate hewa. Kumbe alitaka watazamaji. Tuliketi kwenye benchi nyuma yake. Akaweka mpira, akatikisa makalio, akapiga. Mpira ukabiringika kwenye nyasi kama ndimu iliyodondoka kapuni. Akalaumu nyasi. Uliofuata ukakimbilia kulia, akalaumu upepo, na hapo hata jani halitikisiki. Debe tupu lile! Na kila akipiga alimalizia kaegemea nyuma, vidole vya mguu wa kushoto viko hewani, kama mtu anayesukumwa nje ya mlango.

Dada alimtazama kwa muda, kisha akaninong'oneza, "Umeona? Anabaki nyuma. Mguu wa mbele hauendei kabisa."

"Kitambi kinamvuta."

"Hapana. Anaogopa kuuegemea. Hali hiyo naijua, ndiyo yangu."

Alisema kwa huruma. Mimi huruma ya kumpa mtu yule sikuwa nayo hata ya kukopa.

Dada akasimama, akanikabidhi mkongojo. "Baba watoto, niazime fimbo."

Shemeji akawageukia wachezaji wenzake. "Jamani, njooni muone! Mama Chuma naye anataka gofu!" Wawili walicheka kwa adabu. Mmoja aliinamisha macho, na huyo nilimpenda.

Dada akaichukua fimbo, akasimama mbele ya mpira. Alirudisha fimbo nusu tu. Mabega yakageuka, uzito ukatulia kulia. Kisha nikaona nyonga ikitangulia kurudi kabla ya mikono, nikafumba macho, maana niliogopa kusikia kishindo cha mtu. Nilichosikia ni mlio mkavu, mtamu. Nilipofumbua, dada alikuwa amesimama juu ya mguu wa kushoto, mzimamzima, kisigino cha kulia kimeinuka, kifua kimeelekea uwanjani. Mpira haukufika mbali, lakini ulipaa. Yeye wala hakuutazama. Alikuwa anautazama mguu.

"Umenibeba," alisema. "Mdogo wangu, mguu umenibeba!"

Nililia bila haya. Mume mtu je? Mume alikohoa, akamnyang'anya fimbo, akasema, "Kichwa umekiinua mapema."

Basi. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo kwa mkewe.

Mkongojo sasa uko nyuma ya kabati. Dada huenda uwanjani na walimu wenzake, na shemeji huwa ana udhuru: mara mgongo, mara jua kali. Lakini wageni wakija husikii hayo. Juzi nilimkuta mezani anawaeleza majirani jinsi alivyomtibu mkewe, hospitali ilipokwisha kata tamaa, kwa kumfundisha kuhamisha uzito.

"Bila mimi," alisema akijipiga kifua, "huyu angekuwa kitandani mpaka leo."

Nilifungua mdomo. Dada akanifinya chini ya meza.

"Mwache," alininong'oneza tulipokuwa jikoni. "Nikimnyima na hilo, atabaki na nini?"

"Atabaki na kitambi," nilimjibu, na kwa sauti, ili asikie.