Leseni ya Nassibu

Baba yangu, mzee Fakihi, hakuzoea kukataliwa jambo, sembuse na mchumba wangu, Nassibu. Kwetu Milola anayeposa hamwambii mkwewe "hapana". Hata kusemezana hawasemezani. Maneno hupita kwa mtu wa kati.

Ndiyo maana siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lori la kupeleka korosho Lindi lilikuwa limejaa magunia, na watu wamekaa juu yake. Dereva wake, Abilahi, alikuwa amelala barazani akitetemeka kwa homa. Baba akamgeukia shangazi Mwahija.

"Mwambie mkwe aliendeshe yeye. Si ana leseni?"

Nassibu alikuwa akiendesha motokaa ndogo ya Bwana Shamba, na sisi sote tuliamini leseni ni leseni, ukishajua moja umejua zote. Akainamisha macho.

"Shangazi, mwambie baba leseni yangu ni ya motokaa ndogo. Lori lina daraja lake na mtihani wake. Sitaliendesha."

Watu wakaguna. Baba akasema, "Basi mwambie posa yake aje aichukue."

Nilimchukia Nassibu palepale. Mwanamume gani anaacha mke kwa ajili ya karatasi!

Alasiri Abilahi akasema amepata nafuu. Baba akapanda, akakaa kando yake. Tukasimama ukingoni mwa mlima kuwatazama wakiteremka, na katikati ya mteremko lori likaanza kukimbia lenyewe. Gia zililia. Abilahi alinyanyuka kitini, akasimama kwa miguu yote miwili juu ya breki, kisha akalisukumiza ubavu kwenye ukuta wa udongo wa kando ya barabara. Likaparuza, likakwaruza, likasimama karibu na korongo.

Hakuna aliyeumia. Nilikaa chini. Ya Rabi, uzito wote ule, roho zote zile, na mtu mmoja kaushika! Sikuwahi kujua kwamba kazi ya dereva ni kitu kikubwa hivyo.

Baba akarudi kwa miguu, mwekundu kwa vumbi. Akampita shangazi, akasimama mbele ya Nassibu.

"Nassibu," alimwita yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. "Wewe ungeweza kulishika?"

Nassibu akanyanyua macho.

"Hapana, baba."

Baba akamshika mkono, akaenda kumketisha kwenye mkeka wake.