Tone Jekundu la Vileja vya Zakia

Zakia alikuwa na kiburi kimoja tu, na kiburi chenyewe kilikuwa cha jikoni. Hakuonja. Wanawake wengine wa Kismayu, wakipika mchana wa Ramadhani, hugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi wakatema, na mashehe wameruhusu. Yeye, ng'o. Alikuwa akisema pua yake inamtosha, na anayehitaji ulimi ili akijue chakula chake basi huyo hajui kupika. Amelisema hilo miaka kumi na minane mbele ya watu waliokuwa wakila vileja vyake, na mtu mwenye kileja mdomoni atambishia vipi?

Maana vileja vya Zakia, jamani, vilikuwa vileja. Unga wa mchele aliutwanga mwenyewe na kuuchekecha mara tatu. Samli aliipiga kwa mkono mpaka ikageuka nyeupe. Juu ya kila kimoja aligonga nakshi ya ua kwa kipande cha mti alichochongewa na marehemu mumewe, fundi wa vyombo vya bahari wa kisiwa cha Chovae, kutoka kwenye mabaki ya mbao. Na katikati ya ua akatia tone moja jekundu. Lile tone likikosekana, watu wangesema wameletewa biskuti tu.

Idi ya mwaka ule vileja vilikuwa na kazi kubwa kuliko kuliwa. Khamisa, mwanawe wa pekee, alikuwa ameposwa na Mahmudi mwana wa Sheikhan, na posa ilibakiza hatua moja. Mtaani kwao ilikuwa hivi: asubuhi ya Idi nyumba ya mwari hupeleka sahani ya vileja nyumbani kwa mwanamume. Sahani ikirudi na kitu, hata kokwa tatu za tende, mambo yamekubaliwa na siku ya nikaha inatajwa. Ikirudi tupu, yamekwisha, na hakuna wa kuuliza. Mwanalima, mamake Mahmudi, alikwisha kumnong'oneza Zakia kwamba halua imenunuliwa, inangoja sahani. Khamisa mwenyewe alikuwa akimpenda yule kijana waziwazi. Ukimtaja tu, alikwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Lakini mwaka ule ndio Wataliani walikuwa na vita vyao huko Habash. Meli zilileta askari na masanduku ya askari. Sukari ikawa ya kuombana, na zafarani ambayo Zakia aliiroweka kwa marashi kupata lile tone lake haikuonekana duka lolote. Siku kumi kabla ya Idi hakuwa na sukari ya kujaza kikombe, na usingizi ulikuwa umempaa.

Ndipo Nasrudin akabisha hodi. Huyu alikuwa mpishi wa Sinyora mmoja, mke wa mkubwa wa bandarini. Natale, Krismasi ya Wataliani, mwaka ule iliangukia siku mbili tu kabla ya Idi, na Sinyora alitaka biskuti za sukari za sura ya nyota, zenye mapambo mekundu na meupe, kama za kwao. Sifa za mikono ya Zakia Sinyora amezisikia, alisema Nasrudin. Vitu vyote ataleta yeye, na kitakachobaki ni cha mpikaji.

Zakia alikubali kabla Nasrudin hajamaliza. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuchukua tu. Vitu vilipoletwa, alilishika kopo la mafuta meupe akauliza ni ya mnyama gani. Nasrudin akaangalia pembeni. Zakia akamrudishia kopo lake palepale, akasema nyota za Sinyora zitaiva kwa samli, asiyetaka aache. Kisha akaona kichupa kidogo chenye maji mekundu, mekundu ya kupendeza. Nasrudin alisema ni rangi ya mapambo, akaenda zake.

Alikifungua akanusa. Karafuu. Mdalasini, iliki, na mawaridi nyuma yake. Kulikuwa na ukali uliomchoma pua kidogo, lakini marashi mazuri yapi hayachomi? Pua ikahukumu kwamba ni marashi yaliyotiwa rangi. Ulimi ulikuwa umefunga.

Siku zile mbili za kuoka zilikuwa siku njema, na ndizo zilizomuuma baadaye kuliko zote. Makaa chini, makaa juu ya bati, nyumba nzima inanukia samli, na Khamisa anakata nyota kwa kisu huku akicheka kwamba Wataliani wamemaliza nchi za watu sasa wanataka kula mbingu. Nyota zilipokwenda kwa Sinyora, sukari ilibaki, na kichupa kilibaki nusu. Zakia akatengeneza vileja vyake. Vilipopoa alichanganya sukari laini na yale maji mekundu, akadondosha tone kwenye kila ua. Likakauka likang'aa. Tangu aolewe hajapata kuona tone zuri namna ile, na akasema hivyo kwa sauti, Mungu amsamehe.

Asubuhi ya Idi sahani ilibebwa na Umi, dadake marehemu mumewe, imefunikwa kawa mpya. Khamisa alikaa mlangoni na hina yake iliyokoza mpaka kwenye vifundo, anakula kileja, anasema karafuu imezidi kidogo mwaka huu. Zakia alikuwa hajala. Desturi yake ilikuwa kungoja mgeni ale kwanza.

Umi alirudi upesi mno. Sahani ilikuwa tupu, imeoshwa, imegeuzwa kifudifudi juu ya kawa, na mtaa mzima ulikuwa nje na nguo zake mpya ukiiangalia inapita. Khamisa aliipokea, akaigeuza, akatazama ndani yake kama kwamba huenda kuna kitu kimejificha. Halafu akaiweka chini polepole.

Umi alieleza kwa kifupi. Sheikhan alichukua kileja cha kwanza, akakitia mdomoni, akatema. Kisha akawamwagia kuku vyote na kusema kwamba vimetiwa ulevi.

Zakia hakuamini. Alichukua kichupa akaenda mpaka nyuma ya nyumba ya Sinyora, akamtoa Nasrudin jikoni na kumwapisha. Nasrudin akababaika. Ni mvinyo, alisema, mvinyo mtamu wa kutilia keki. Alidhani unakwenda kwenye nyota za Wataliani peke yake. Yeye angejuaje kwamba Zakia atautia kwenye vya Waislamu? Zakia aliketi pale pale kwenye jiwe la kufulia akalia kwa sauti. Nusu ya mtaa imeshakula. Mwanawe amekula. Na yeye, asiyegusa hata mchuzi kwa ncha ya ulimi!

Alijifuta uso akaenda kwa Mwanalima kupitia ua wa nyuma, amwapie kwamba hakujua. Mwanalima alikuwa peke yake jikoni. Alikichukua kichupa, akakisogeza puani, akakirudisha bila kukunja uso.

"Najua hukujua," alisema. "Wewe ungeijulia wapi? Mimi harufu hii nalala nayo tangu Sheikhan aanze kuwauzia Wataliani samaki. Huja nayo kila Jumamosi."

 Zakia akamwambia, basi dada, waambie watu.

"Niwaambie nini? Kwamba Mahmudi babake mlevi?" Mwanalima alimshika mkono kwa nguvu. "Wewe ni mjane, huna mume wa kuaibika. Ninyamazie, Zakia. Nyamaza tu, mengine niachie mimi."

Huna mume wa kuaibika! Zakia alitoka nalo neno hilo. Angepita njia ya nyuma kama alivyoingia, lakini alisema moyoni kwamba hakuiba kitu, akapita mbele. Na mbele palikuwa na baraza, na barazani watu kumi na zaidi wa Idi, kahawa mkononi, na Sheikhan katikati anahubiri. Mahmudi alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, kichwa chini. Zakia aliinamisha kichwa apite. Hatua tano zaidi angekuwa amepita.

"Mama mwenyewe anapika kwa ulevi," Sheikhan alisema, bila hata kupunguza sauti, "binti atakuwa kitu gani?"

Zakia akasimama. Mahmudi aliinua kichwa akamwangalia, akitikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Zakia aliona ni woga. Alikitoa kichupa ndani ya leso akakiinua kila mtu akione.

"Mimi nilinusa, nikadhani ni marashi," alisema. "Wewe, Bwana Sheikhan, ulitia ulimini mara moja ukajua. Umejulia wapi?"

 Mtu mmoja akakohoa. Mwingine, mzee wa watu, akacheka kidogo puani bila kukusudia, na kile kicheko ndicho kilichommaliza Sheikhan. Alisimama, shingo imemvimba, akaapa mbele ya wote: siku Mahmudi atakapomwoa binti wa mwanamke huyu, Mwanalima ameachika, talaka tatu. Akarudia mara ya pili ili asiwepo wa kusema hakusikia. Nyuma ya mlango sufuria ikaanguka.

Zakia alikwenda nyumbani akitetemeka, na nisiwadanganye, nusu ya kutetemeka kwenyewe ilikuwa furaha. Amesema. Wameona. Jina lake limesafika mbele ya watu wote wale.

Khamisa alimpokea mlangoni, uso umerudi rangi yake. Alimvuta ndani haraka. Umi amepita sasa hivi na salamu za Mahmudi, alisema. Ammi yake anakuja kutoka Kudha kesho kutwa, na Sheikhan mbele ya kaka yake huwa mtoto mdogo. Ammi ameshapelekewa habari, naye tangu mwanzo yuko upande wao. Mwanalima hajaigawa halua, ameifunika kabatini. Sahani itaombwa upya, mambo yaende kimyakimya.

"Wametaka jambo moja tu, mama," alisema, na ile mikono yenye hina ikashika mikono ya mamake. "Tunyamaze siku tatu. Nimewaambia mama yangu anaweza."

Zakia alitafuta pa kukiweka kichupa, hakupaona. Huko nje vicheko vya barazani vilikuwa vinapanda mtaa, mlango kwa mlango, na vilikuwa vimeshafika kwa jirani.