Spika Mbili Kutoka Isebania

Jumatatu saa nne asubuhi, Nicanor alikuwa amepiga magoti ndani ya duka la Monari pale Isebania, akigonga spika kwa kidole. Alianza na ya plastiki, ikalia kama debe. Ilikuwa na taa za rangi zinazozunguka, na karatasi iliyobandikwa mbele ilidai wati elfu tano. Nicanor aliigeuza, akasoma maandishi madogo karibu na waya wa umeme, akakuta wati mia moja na hamsini. Akairudisha chini taratibu. Kuna watu hawana haya kabisa.

Walikuwa wamekuja watatu, yaani bendi yote iliyobaki: Nicanor mwenye gitaa, Odhiambo wa kinanda, na Orpah mwimbaji, Msabato ambaye Jumamosi haimbi hata umpe nini. Wa nne, Gordon mpiga ngoma, alikuwa mochari Homa Bay akingoja kuzikwa Ijumaa. Kwa miaka sita walikuwa wamepiga kwenye matanga ya watu kwa spika za kukodi, zinazokoroma katikati ya wimbo. Gordon alikuwa akisema siku akifa asije akazikwa na mikoromo hiyo. Ndiyo maana walikuja kununua zao.

Walitaka spika yenye amplifaya ndani, isiyohitaji mashine nyingine pembeni. Iwe ya inchi kumi na mbili, kwa sababu ya kumi na tano haiingii kwenye buti la gari. Na ivumilie umeme wa jenereta, ambao huyumba. Monari alizijaribu moja baada ya nyingine. Mbili zilizima zenyewe, moja ikatoa moshi kidogo, na zilizofaa bei yake ilikuwa ya makanisa makubwa. Mwisho akavuta jozi ya spika za mbao kutoka chini ya kaunta, nyeusi, nzito, bei nusu.

"Hizi ziko na shida moja tu," Monari alisema. "Mtu akishika maiki, zinatoa yale ameficha moyoni. Yale anasema kwa mdomo zinayaacha. Kanisa moja lilirudisha, na mheshimiwa mmoja akarudisha siku hiyo hiyo."

Odhiambo aliuliza zina wati ngapi. Monari akasema mia tatu, za kweli. Orpah akauliza kama zinakuja na maiki isiyo na waya, akapewa, akaimba ubeti mmoja. Sauti ilitoka safi, ikajaza duka mpaka wabadilisha pesa wa nje wakageuka. Nicanor aliwaeleza wenzake kwamba anayeimba hana la kuficha, kwa hiyo hapo hakuna shida. Wakaridhika, wakalipa. Walisahau jambo ambalo bendi yoyote ya matanga inalijua hata usingizini: kwenye maziko, maiki hukaa kwa mwimbaji kidogo sana. Inatembea. Mjomba, mwalimu mkuu, mchungaji, mwenyekiti wa bodaboda, kila mtu lazima aionje.

Ijumaa, Marion, mke wa Gordon, aliketi mstari wa mbele na watoto wake watatu. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia Nicanor kinachomkosesha usingizi. Ni ile ploti ya Rodi Kopany, kando ya barabara ya Rongo, yenye vyumba viwili. Kimoja analala na watoto, kingine anashona nguo kwa cherehani zake mbili. Gordon aliinunua kwa jasho lake, lakini tangu wiki ya msiba kaka yake mkubwa, Omanga, alikuwa akionekana pale akiipima kwa hatua.

Omanga alipopewa maiki alivua kofia. Mdomo wake ulionekana ukisema kwamba Marion ni mke wetu na watoto hawa ni damu yetu. Kwenye spika ikatoka sauti yake ile ile, tulivu kabisa.

"Ploti ya barabarani nimeshachukua. Gordon nilimbonyeza kidole kwenye karatasi ya kuniuzia akiwa mochari, siku ya tatu. Wino ulikataa mara mbili. Nguzo za seng'enge nimenunua, ziko kwangu."

Watu mia tatu walisikia. Mzee mmoja wa hema la nyuma alinyoosha mkono, akaomba besi ipunguzwe kidogo. Odhiambo akapunguza, na maneno yakawa wazi zaidi.

Naibu wa chifu alifuata. Alikuja kutoa pole za serikali, na spika zikaeleza kwamba ndiye aliyeipiga muhuri ile karatasi na kurudisha tarehe nyuma hadi mwezi wa tatu, wakati Gordon alikuwa angali anapiga ngoma. Mchungaji alisoma zaburi. Spika zikataja mabati ishirini ambayo Omanga ameahidi kanisa, zikataja mpaka geji, yaani unene wake. Watu wakaitikia amina.

Ndipo Marion akasimama bila kuitwa, na Orpah akampa maiki.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Naomba ploti yangu. Mimi na hawa watoto hatuna pengine."

Spika zikatoa hayo hayo, neno kwa neno, kwa kuwa hakuficha chochote. Mshereheshaji alimshukuru, akasema muda umekwenda na chakula kiko tayari. Wanawake wawili walinong'ona kwenye foleni ya wali kwamba mjane hafai kupaza sauti namna ile. Inauma kusema, lakini aibu yote ya siku ile alipewa yeye.

Jumanne alikwenda ofisini kwa naibu wa chifu. Alipokewa kwa heshima, akapewa kiti. Naibu alikubali kwamba alisikia kila kitu, hata yale ya kwake mwenyewe, na akazisifu zile spika. Ila kilichosemwa na spika hakijaandikwa popote, na karatasi iliyoandikwa ipo, tena ina muhuri. Alimshauri alete mashahidi. Marion akamwambia mashahidi ni mia tatu. Basi waje, alisema naibu, ofisi inafunguliwa saa mbili.

Marion alizunguka boma hadi boma kwa siku tisa. Hakuna aliyekana, hilo lazima lisemwe. Wote walikiri kwamba walisikia, na wengine walimkumbusha maneno aliyokuwa ameyasahau. Lakini huyu alikuwa na ng'ombe mgonjwa, yule binti yake anatafuta kazi na anahitaji barua ya naibu. Nicanor aliahidi kwenda naye Jumatano. Jumanne jioni Omanga akampigia simu. Alitaka bendi, siku ikifika, kwenye ufunguzi wa duka lake la vifaa vya ujenzi, na alikuwa tayari kutoa kitu mapema. Nicanor alijiambia kwamba spika lazima zijilipe. Jumatano Marion aliketi peke yake kwenye benchi la ofisi mpaka saa saba, kisha akarudi kushona.

Vyumba viwili vilibomolewa mwezi wa nane. Duka lilisimama mwezi wa kumi na moja, na Alhamisi moja mchana likafunguliwa. Omanga alishika maiki, safari hii bila kuvua kofia.

"Hapa palikuwa kwa mdogo wangu, nikapachukua," alisema. "Karibuni dukani."

Mdomo wake na spika vilisema jambo moja, kwa pamoja. Watu walishajua, hakuwa na la kuficha tena, kwa hiyo sauti yake ilitoka safi kuliko ya mtu yeyote siku hiyo. Ilisikika hadi sokoni. Watu wakapiga makofi.

Marion alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, naye aliisikia. Akaja na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya Nicanor.

"Shemeji, nipe hiyo maiki," alisema. "Dakika moja tu."

Maiki ilikuwa mkononi mwa Nicanor, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Aliizima. Kisha akaishusha mpaka gotini, mbali na mdomo wake.

"Betri imeisha, shemeji," alisema.

Marion alimtazama kidogo, akasema sawa, akarudi kazini kwake. Nicanor alingoja mpaka alipovuka barabara, akaiwasha maiki, akampa Orpah.